Visa vya Mizuka, na Sababu ya Watu Kuvipenda



Neno "khurafa", ambalo wasomaji wetu wamelizoea kulisikia katika darasa zetu kila yanapotajwa mambo ya upuuzi yaliyotiwa katika dini, asili yake ni jina la mtu. Husimuliwa kuwa Khurafa alikuwa mtu wa kabila la Udhra katika Waarabu, na kuwa zama za ujahili majini walimchukua akakaa kwao muda mrefu, kisha wakamrudisha kwa wanadamu. Aliporudi akawa akiwahadithia watu maajabu aliyoyaona huko, hata ikawa kila lisemwapo jambo lisilosadikika watu husema kuwa hayo ni mazungumzo ya Khurafa. Khabari hii imepokewa na Imam Ahmad katika Musnad yake, na Tirmidhi katika Shamail, kutoka kwa Bibi Aisha r.a., kuwa Mtume s.a.w. aliwaeleza wakeze Khurafa ni nani usiku mmoja alipokuwa akizungumza nao. Wenye ilimu ya Hadithi wana maneno katika sanadi yake, kwa hivyo hatuileti hapa kuwa ni hoja ya dini. Twaileta kwa jambo moja tu: neno hili tulitumialo leo kwa maana ya itikadi ya upuuzi lilianza kwa mtu aliyekaa na wenziwe akiwasimulia khabari za majini, na wenziwe wakamsikiliza. Hawakumfukuza.

Kwa nini hawakumfukuza? Na kwa nini sisi nasi hatumfukuzi? Mtu mzima, mwenye kazi na watoto, ajuaye kuwa yampasa kuamka alfajiri, hukaa barazani mpaka usiku wa manane akisikiliza khabari ya mwanamke mzuri aliyeonekana njiani, na miguu yake ilipotazamwa ikawa ni kwato. Kisha hurudi kwake akigeuka nyuma kila hatua mbili. Ametoa usingizi wake akanunua khofu, na kesho atakuja tena kununua nyingine. Wala biashara hii si ya Waswahili peke yao. Mjapani huifanya, na Mwingereza huifanya, na Myunani wa kale aliifanya kabla yao. Jambo likienea hivi kwa watu wasiojuana wala kusomeana vitabu, halifai kupuuzwa kwa kusema kuwa ni ujinga tu, kwani mwenye kutaka kuutoa mti hutazama kwanza mizizi yake imekwenda wapi.

Twatanguliza neno moja ili tusifahamiwe vibaya. Sisi hatukanushi kuwapo kwa majini. Qurani ina sura nzima yenye jina lao, na katika Surat Al-Hijr aya ya 27 tumeelezwa kuwa wameumbwa kwa moto. Wako wema katika wao na wako waovu. Lakini kuamini kuwa majini wapo ni jambo moja, na kuamini kila aliyekuja na kisa cha jini ni jambo jengine. Ama roho za maiti kurudi zikatembea mitaani na kubisha milango, hilo halimo. Katika Surat Al-Muuminun, aya ya 99 na 100, Mwenyezi Mungu ametuambia kuwa afikiwaye na mauti huomba arejeshwe ili atende mema aliyoyaacha, naye hakubaliwi. Na nyuma yao iko barzakh mpaka siku watakayofufuliwa. Maana ya barzakh ni kizuizi. Basi aliyekwisha pita hapo hana njia ya kurudi kuja kuvuta minyororo darini.

Sasa tuingie katika sababu. Katika wote tuliowasoma hatukuona aliyeueleza mwanzo wa visa hivi vizuri kuliko Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki mwaka 255 Hijria, sawa na mwaka 868 au 869 wa Miladi. Katika Kitabul Hayawan, kitabu chake kikubwa cha khabari za wanyama, anamnukuu mwalimu wake Abu Ishaq An-Nadhdham akieleza ilivyokuwa hata mabedui wakadai kuwa wamewaona majini, wamesema nao, na wengine kuwa wamewaoa. Asema kuwa jambo hili lilianza pale watu walipokwenda kukaa katika majangwa matupu. Mtu akiwa peke yake mahali pasipo mtu, na siku zikawa nyingi, na hana kazi wala mwenziwe wa kuzungumza naye, ukiwa humfanyia kazi moyoni. Hukiona kidogo kuwa kikubwa. Husikia kisichosikika. Fikira zake hutawanyika, na shaka zake humwekea mbele ya macho sura isiyokuwapo.

Hapo Al-Jahiz hakuishia, na yanayofuata ndiyo ya maana zaidi. Asema kuwa alichokiona mtu yule katika khofu yake alikitia katika mashairi, na mashairi yakasomwa, na visa vikasimuliwa. Mtoto akakua juu yake. Kisha mtoto yule alipokuwa mtu mzima akajikuta yeye naye katikati ya jangwa usiku wa giza, na bundi akalia mara moja, basi akaona kila uwongo aliopata kuusikia. Mzunguko umetimia: khofu imezaa kisa, na kisa kimezaa khofu, na khofu ya pili itazaa kisa kingine kilicho kikubwa kuliko cha kwanza. Na asema kuwa msimulizi wa mambo haya hapati wa kumsikiliza ila bedui mwenziwe au mtu asiyezoea kupima maneno, naye kila azidishapo uwongo hupendeza zaidi kwao. Twamwomba msomaji asimame hapa kidogo akumbuke baraza anazozijua. Je, yuko aliyepata kusifiwa kwa kusema, "Niliona kitu cheupe, nikakisogelea, kikawa ni kanzu iliyoanikwa"? Kisa hicho humalizika kwa kicheko kimoja, na msimulizi hapewi zamu ya pili. Aliyekimbia bila kutazama ndiye mwenye kisa.

(Kiswahili chetu chenyewe kimelijua jambo hili. "Mzuka" na "uzushi" ni watoto wa neno moja, kuzuka. Mmoja huzuka wenyewe, na mwengine huzushwa. Na aghalabu wa pili ndiye baba wa wa kwanza.)

Iko sababu nyengine iliyo katika mwili. Wengi katika sisi wamepata kupatwa na jinamizi: mtu huamka usiku, macho yamefunguka, chumba chake akiona, lakini hawezi kuinua mkono wala kutoa sauti, na huhisi kuwa kuna kitu kizito kimemkalia kifuani. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 428 Hijria, alilitia jambo hili katika kitabu chake Al-Qanun katika milango ya maradhi, kwa jina la kabus. Akalisifu kama tulivyolisifu sisi, kuwa mtu huhisi kivuli kizito kimemwangukia, kikimbana na kumziba pumzi. Naye hakumtafuta jini. Alitafuta sababu katika mwili, akaiona kuwa ni mivuke ipandayo kwenye ubongo. Mivuke hiyo matabibu wa leo hawaisemi tena. Wao husema kuwa mtu anapokuwa katika usingizi wa ndoto viungo vyake hulegezwa visitende yale anayoyaota, na mara nyengine akili huamka kabla ya viungo kufunguliwa, ndoto na macho yakachanganyika. Mganga amekosa, na njia aliyoifuata haikukosa. Wajapani hali hii huiita kanashibari, na watu wa kisiwa cha Newfoundland, huko Kanada, husema kuwa ni ajuza aliyemkalia mtu. Mwili ni mmoja. Kila kaumu imeuvika nguo yake.

Basi khofu ipo, na mizizi yake ni ya kweli. Lakini kuogopa si kupenda. Mtu humuogopa nyoka wala hatoki usiku kwenda kumtafuta. Khofu hii inapendwa kwa sababu huonjwa kwa kipimo, mahali pa salama. Zama walipotawala makabaila wa Edo, baina ya mwaka 1603 na 1868, Wajapani walikuwa na mchezo wa kukutana usiku wakawasha taa 100, kila mmoja akasimulia kisa cha mzuka kisha akazima taa moja, na chumba kikaendelea kuwa giza mpaka taa ya mwisho, ambayo ikizimwa husemwa kuwa mzuka wenyewe utatokea. Na wengi, husemwa, walikuwa wakifika kisa cha 99 wakaacha. Hapo ndipo ilipo siri ya jambo zima. Walitaka kuusogelea mlango, hawakutaka ufunguliwe. Waingereza nao huvisimulia visa hivi khasa wakati wa sikukuu yao ya Krismasi, usiku ulipo mrefu na baridi kali na watu wako ndani karibu na moto. Na Charles Dickens alipotoa mwaka 1843 kitabu chake mashuhuri cha Krismasi, alikijaza mizuka. Aliyeketi na nduguze penye moto huuhisi uzuri wa moto zaidi akitajiwa giza lililo nje. Sisi nasi tulipokuwa watoto tulisogeana kwa nyanya zetu mwanzo wa ngano, na hatukusogeana kwa sababu ya baridi.

Ladha hii peke yake isingetosha kuvifanya visa hivi vikae maelfu ya miaka. Ukivikusanya ukavitazama vilivyo, utaona kuwa mzuka haji bure. Huja kwa sababu ana haki yake iliyodhulumiwa.

Waarabu wa ujahili walikuwa wakisema kuwa mtu akiuawa na damu yake isilipizwe, hutoka katika kichwa chake ndege aitwaye hama, akakaa juu ya kaburi lake akilia usiku na kudai anyweshwe, mpaka muuaji auawe ndipo anyamaze. Yatazame maana yake. Kaumu isiyokuwa na kadhi wala dola, ambayo aliyeuawa hana wa kumtetea ila jamaa zake, imempa maiti ndege wa kumsemea. Na Mtume s.a.w. akalikata jambo hili kwa neno moja, katika Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwa kukanusha kuwa iko hama, kama alivyokanusha kupiga fali kwa ndege na nuksi ya mwezi wa Safar.

Wayunani nao wana kisa chao, alichokiandika Pliny Mdogo, bwana mkubwa wa Roma, katika barua kwa rafiki yake kiasi cha mwaka 100 wa Miladi, akimuuliza kama mizuka ipo au haipo. Asema kulikuwa na nyumba kubwa mjini Athens, na usiku ilikuwa ikisikilikana sauti ya chuma, kisha minyororo, kisha hutokea mzee aliyekonda mwenye ndevu ndefu, pingu miguuni. Waliokaa humo walikosa usingizi mpaka wakaugua. Nyumba ikahamwa, ikatangazwa kuwa yauzwa au yakodishwa, huenda akapatikana asiyejua. Akaja mwanafalsafa aitwaye Athenodorus, akausikia urahisi wa bei akaingiwa na shaka, akauliza akaambiwa kweli yote, na hapo ndipo akazidi kuitaka. Usiku akatandikiwa ukumbini, akaomba taa na vibao vyake vya kuandikia, akaifunga akili yake katika kazi. Na Pliny aeleza sababu, kuwa akili isiyo na kazi isije ikajitungia sura za yale iliyoyasikia. Ni maneno ya Al-Jahiz yaleyale, miaka 700 kabla yake. Mzee akaja, akamwashiria. Athenodorus akamwashiria naye angoje, akaendelea kuandika. Kisha akachukua taa akamfuata, na mzee akatoweka uani. Asubuhi akawaendea wakuu wa mji, mahali pale pakafukuliwa, ikaonekana mifupa iliyofungwa minyororo. Ikazikwa kwa taratibu zake, na sauti haikusikika tena. Sisi hatukisadiki, na Pliny mwenyewe hakukiapia. Lakini twaona alichokitaka yule mzee: hakutaka damu ya mtu wala sadaka ya mbuzi mweusi. Alitaka kuzikwa.

Na kisa kinachojulikana kuliko vyote kwa Wajapani, kilichochezwa mara ya kwanza mwaka 1825 katika mji ambao leo ni Tokyo, ni cha mke aliyeitwa Oiwa, ambaye mumewe alitaka kuoa katika nyumba ya jirani tajiri. Mke yule akapewa sumu iliyomharibu uso, akafa. Na mume hakupata raha tena, kila alipotazama aliuona uso ule. Mwanamke ambaye alipokuwa hai hapakuwa na aliyemsikiliza, alipokufa mji mzima ulilipa kiingilio ili kumsikiliza.

Hii ndiyo nguvu ya visa hivi. Mwanadamu kwa maumbile yake ajua kuwa dhulma haifi kwa kufa aliyedhulumiwa. Ajua kuwa maiti aweza kuwa na dai. Akili yake imeliona hilo bila ya kufunuliwa wahyi, ikakosa mahali pa kuliweka, ikalivisha sanda na kulitembeza usiku.

Ukisema: "Ikiwa dini imekataa kuwa maiti harudi, basi dai lake limekwenda wapi?" Twajibu: limewekwa mahali pazito zaidi. Dai lake liko juu yako wewe uliye hai, na liko mbele ya Mola wake. Imam Ahmad amepokea kutoka kwa Jabir r.a. kuwa mtu mmoja alifariki, maiti ikaletwa kwa Mtume s.a.w. aisalie, akapiga hatua kisha akauliza kama ana deni. Akaambiwa ana dinari 2. Akarudi nyuma. Abu Qatada r.a. akazichukua dinari zile juu yake, ndipo Mtume akamsalia. Siku ya pili akamuuliza Abu Qatada khabari ya dinari mbili zile, naye akaona ajabu, kwani mtu alikuwa amekufa jana tu. Akamuuliza tena, hata alipomwambia kuwa amezilipa ndipo Mtume s.a.w. akasema kuwa sasa ngozi ya maiti yule imepata ubaridi. Dinari mbili! Na mdaiwa ni sahaba aliyekufa katika mji wa Mtume. Na Tirmidhi amepokea kuwa nafsi ya Muumini imetundikwa kwa deni lake mpaka lilipwe.

Mwenye kuogopa na aogope hapa. Wako katika sisi wasiothubutu kupita karibu na makaburi baada ya magharibi, na ndani ya sanduku zao mna hati za madeni ya baba zao waliozikwa humo. Wako wanaofukiza ubani katika chumba alichofia dada yao ili roho yake isirudi, na fungu lake la shamba la baba wamelikalia tangu alipokuwa hai. Maiti hatawabishia mlango. Lau angeweza kubisha, jambo lingekuwa jepesi, kwani mtu angemlipa usiku uleule.

Yatazame sasa madhara. Bei ya ile nyumba ya Athens iliteremka kwa sababu ya kisa. Na katika miji yetu pia nyumba ikisemwa kuwa ina majini bei yake huanguka, na khasa ikiwa aliyeiacha amekufa kifo cha ghafla na waliobaki ni mjane na watoto wadogo. Husimama msemaji akasema amesikia mtu akitembea darini, mpangaji akahama, wa pili hakuja. Huitwa mganga akadai kuku, ubani na fedha, na fedha hutolewa katika mali ya marehemu. Kisha hutokea mtu mwema akajitolea kuinunua nyumba ile mbovu kwa nusu ya thamani, kuwaonea huruma. Sisi hatumtuhumu kila mnunuzi, lakini twasema kuwa msimamizi wa mayatima anayeuza kwa sababu ya uvumi atajibu. Mali ya maiti hutoka kwanza katika maziko yake, kisha madeni yake, kisha wasia wake, kisha ni ya warithi. Fungu la kuwatoa majini halimo katika hesabu ya Surat An-Nisaa, na aya ya 10 katika sura hiyohiyo inajulikana yasemavyo juu ya wenye kula mali ya mayatima kwa dhulma. Ama mganga adaiye kuwa majini wake wanamwambia ya siri, na aulizwe juu ya Nabii Sulaiman a.s. Alifariki hali ameegemea fimbo yake, na majini waliokuwa wakimtumikia mbele yake wakaendelea na kazi ngumu, wasijue, mpaka mdudu alipoila fimbo akaanguka. Hayo yako katika Surat Saba aya ya 14. Walioshindwa kujua kuwa bwana wao amekufa na wao wanamtazama, watajuaje nani amekuroga?

Na yako madhara makubwa kuliko ya mali. Mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi wa vyama vingi huko Zanzibar, palizuka Pemba khabari ya Popobawa, kitu ambacho husemwa huwajia watu vitandani usiku kikawabana na kuwafanyia machafu. Khabari ikavuka Unguja, kisha ikafika Dar es Salaam. Watu wazima, na wengi wao ni Waislamu, walihama vyumba vyao wakawa wanalala nje makundi makundi, wamewasha moto. Waliochunguza baadaye waliona kuwa waliyoyaeleza wengi yalifanana sana na hali ile tuliyoitaja ya jinamizi. Lakini la kuangaliwa zaidi ni sharti lililokuwamo ndani ya kisa chenyewe: ilisemwa kuwa Popobawa humwamrisha aliyemjia awatangazie watu, na akificha atamrudia. Hapana kisa kilichopata kutungiwa miguu mizuri kuliko hiyo. Kila aliyekisikia akapata hamu ya kukipeleka, na kila aliyepatwa akapata khofu ya kukinyamazia. Mwishowe watu walimkamata mgonjwa wa akili mmoja, wakamdhania kuwa ndiye, wakampiga mpaka akafa. Huyu hakuwa mzuka. Alikuwa mwanadamu mwenye damu iliyoharamishwa, na waliomuua ni majirani wa kawaida waliokuwa, wiki chache nyuma, wakivisikiliza visa hivi kwa kustarehe. Katika Surat Al-Jinn aya ya 6 imetajwa kuwa walikuwako watu wakijilinda kwa majini, nao wakawazidishia. Na wafasiri wengi wameeleza kuwa walichozidishiwa ni khofu na dhambi. Usiku ule zilizidi zote mbili.

Ukiuliza: "Je, ni haramu basi kusimulia ngano?" Twajibu: sisi hatulisemi hilo. Ngano ambayo msemaji na msikizaji wote wanajua kuwa ni ngano, na hapana haki ya mtu iliyoharibika ndani yake, si sawa na uwongo unaopelekwa kwa watu kuwa ni khabari. Kinachoharibu ni kule kutoka ngano barazani ikaingia sokoni, na penye kitanda cha mgonjwa, na katika mirathi. Kisha yafaa ikumbukwe kuwa Mtume s.a.w. alikuwa akichukia mazungumzo baada ya sala ya Isha, na aliyekesha na mizuka huikosa Alfajiri ya kweli. Na wale vijana wajifunikao shuka nyeupe wakakaa pembeni mwa njia kuwatisha wapitao, na wajue kuwa masahaba fulani walikuwa safarini, mmoja akalala, mwenziwe akaiendea kamba aliyokuwa nayo akaichukua, yule akazinduka kwa khofu. Na Mtume s.a.w. akasema kuwa si halali kwa Muislamu kumtisha Muislamu. Imeipokea Abu Daud. Ikiwa kamba haikuachiwa, shuka haiachiwi.

Wala Hadithi hazikukosa kutaja khabari ya usiku yenye mgeni wa ajabu. Abu Huraira r.a. alipowekwa kuilinda Zaka ya Ramadhani alimkamata mwizi usiku tatu mfululizo. Usiku wa kwanza na wa pili mwizi alilia njaa na wingi wa watoto akaachiwa, na usiku wa tatu akamfunza kusoma Ayatul Kursiy wakati wa kulala. Mtume s.a.w. akamwambia kuwa amemsadikisha hali ya kuwa ni mwongo, na kuwa alikuwa shetani. Imo katika Bukhari. Msikizaji wa kisa hiki huamka akiwa na aya ya kusoma, na mlango wa chumba chake haumtishi tena. Hiyo ndiyo mizani ya kuvipimia visa: hutazamwa msikizaji anaondoka na nini.

Na iko Hadithi nyengine ambayo twapenda wanadarasa waihifadhi na wawafunze watoto wao kabla ya kisa chochote cha kwato. Anas r.a. ameeleza, na Bukhari na Muslim wameipokea, kuwa usiku mmoja watu wa Madina walishtushwa na sauti. Mji ulikuwa na maadui, na giza la usiku ule halikuwa na taa za barabarani. Watu wakatoka kuiendea sauti ile, na walipokuwa njiani wakakutana na Mtume s.a.w. akirudi. Alikuwa amewatangulia peke yake, juu ya farasi wa Abu Talha asiyetiwa tandiko, upanga ukining'inia shingoni, amekwenda mpaka iliko sauti akatazama. Akawaambia wasiogope. Kisha, kama mtu aliyetoka katika matembezi, akamsifu farasi kuwa amemkuta ana mbio kama bahari. Na farasi yule kabla ya hapo alikuwa akijulikana kwa uzito.